Mhudumu wa Afya Kijijini: Kwa Nini Mmoja Aendewa na Mwingine Apitwa?



Homa ya mtoto haichagui saa. Yaja usiku wa manane, yaja siku ya mvua, njia ikiwa matope na mto umejaa. Hapo baba na mama huulizana: «Tumpeleke wapi?» Kituo cha afya kiko mbali, mwendo wa saa tatu au nne kwa miguu. Mfumu ni jirani. Mwuza dawa wa sokoni naye yuko karibu, na vidonge vyake vya rangi zote vimepangwa mezani. Tena katika kijiji kile kile yuko mwanamume au mwanamke aliyefundishwa kutunza watoto wagonjwa. Ana sanduku la dawa na daftari la kuandikia majina. Ndiye mhudumu wa afya kijijini, ambaye katika nchi yetu ya Kongo watu wamezoea kumwita reko. Je, wazazi watabisha hodi kwenye mlango upi kwanza?

Swali hili si dogo. Malaria ikiwa kali yaweza kumwua mtoto katika muda wa siku moja. Na Kongo yetu ni ya pili duniani, nyuma ya Nijeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria: katika kila wagonjwa 100 wa dunia nzima, karibu 12 ni wa kwetu. Kwa hiyo mlango utakaobishwa kwanza waweza kuamua kama mtoto atakuwa hai kesho kutwa.

Basi tumeona jambo la kustaajabisha. Katika kijiji kimoja reko hapumziki: asubuhi akina mama wamekwisha kuketi barazani kwake, watoto mapajani. Katika kijiji cha pili mwenzake ameketi peke yake, na sanduku lake limejaa vumbi. Mafunzo yao yalikuwa sawa, vitabu vyao ni sawa. Tofauti yatoka wapi?

Wengine hujibu upesi: «Ni ujinga wa watu wa vijijini.» Sisi twakataa jibu hilo. Mkulima si mjinga anapochagua mbegu, wala mama si mjinga anapochagua mahali pa kumpeleka mwanawe. Wote wawili hupima. Hukumbuka yaliyowapata mara ya mwisho, huhesabu franka zilizomo ndani ya nyumba, hutazama mawingu, tena huuliza: «Mtu huyu atanisaidia kweli, au nitarudi mikono mitupu?» Tukitaka kujua kwa nini reko mmoja aendewa na mwingine apitwa, yatupasa kuyachunguza mambo wanayoyapima.

KAZI HII ILIANZAJE?

Mwaka 1978, mwezi wa Septemba, wajumbe wa nchi 134 walikutana katika mji wa Alma-Ata, ambao leo waitwa Almaty, katika nchi ya Kazakhstan. Waliona ya kuwa hospitali kubwa za mijini haziwezi peke yake kuwafikia watu wote. Wakakubaliana kwamba matunzo ya afya yaanze pale watu wanapoishi na kufanya kazi, tena kwa msaada wa watu wa mahali penyewe.

Katika miaka iliyofuata nchi yetu, ambayo wakati ule iliitwa Zaire, iligawanywa katika zoni za afya. Leo zoni hizo ni zaidi ya 500. Kila zoni ina hospitali yake kuu na daktari wake mkuu. Chini yake kuna maeneo ya afya, na kila eneo lina kituo chenye muuguzi mkuu. Chini ya kituo kuna vijiji, na katika vijiji ndimo reko alimo. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kuwaonya watu juu ya chandarua, chanjo, maji safi na vyoo. Lakini tangu mwaka 2005, katika vijiji vilivyo mbali na kituo, wengine wamefundishwa pia kutoa dawa kwa watoto wadogo, kuanzia umri wa miezi 2 hadi miaka 5.

Kazi yao si ya kubahatisha. Mtoto akiwa na homa, reko hutoboa kidole chake, huweka tone moja la damu katika kipimo kidogo, na baada ya dakika 15 au 20 husoma kama malaria imo au haimo. Ikiwamo, hutoa dawa ya siku 3. Mtoto akikohoa, humhesabia pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya kichomi. Kwa aliyetimiza mwaka, pumzi 40 au zaidi. Mtoto akihara, hupewa maji ya chumvi na sukari yaliyotengenezwa kwa pakiti, na vidonge vya zinki. Tena reko humpima mkono kwa utepe wenye rangi: rangi nyekundu, yaani chini ya milimita 115, yaonyesha kwamba mtoto ameshikwa na utapiamlo mkali.

Na kama mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, kama atapika kila kitu, kama ameshikwa na degedege, kama amelegea hata haamki, au kama kifua chake chaingia ndani anapovuta pumzi, basi reko hapaswi kumweka kwake. Amwandikie karatasi, aende kituoni au hospitalini mara moja.

JAMBO LA KWANZA: NJIA

Sababu ya kwanza ni umbali. Mtu akiwa karibu na kituo cha afya, mara nyingi humpita reko na kwenda kituoni, kwani huko kuna muuguzi na dawa nyingi zaidi. Hilo si kosa. Reko hakuwekwa kushindana na kituo. Nguvu yake huonekana pale penye mto usio na daraja, kilima kirefu, au njia ambayo masika huifunga. Huko safari ya kituoni ni kupoteza siku nzima ya shamba, tena ni kuwaacha watoto wengine nyumbani bila mlezi.

Lakini ukaribu peke yake hautoshi. Tungekuwa twasema uongo kama tungesema kwamba mlango wa karibu ndio unaobishwa daima. Mfumu naye yu karibu. Mwuza vidonge yu karibu. Ndiyo maana ni lazima tuendelee na sababu ya pili, ambayo kwa maoni yetu ndiyo nzito kupita zote.

JAMBO LA PILI: SANDUKU

Wahenga walisema: Mkono mtupu haulambwi. Tuchukue mfano. Mama mmoja amefika kwa reko alfajiri, mtoto mgongoni. Reko ampokea vizuri, ampima mtoto, aona malaria. Kisha afungua sanduku: hamna kitu. Dawa zimekwisha tangu mwezi uliopita, na nyingine hazijaletwa. Reko asikitika, amwandikia karatasi ya kwenda kituoni. Mama ashukuru, aondoka. Lakini moyoni amekwisha kuandika neno: «Kwa yule hakuna dawa.»

Neno hilo latembea kuliko pikipiki. Latangazwa kisimani, latangazwa sokoni, latangazwa shambani wakati wa kuchimba mihogo. Hata dawa zikija baada ya majuma mawili, watu hawajui, au wajua lakini hawataki kujaribu tena. Kwa hiyo mwezi mmoja wa sanduku tupu waweza kuharibu kazi ya mwaka mzima.

Na sanduku huwa tupu kwa nini? Mara nyingi si kosa la reko. Dawa hutoka mbali, zapita katika ghala za mkoa, zafika zoni, kutoka zoni zaenda kituoni, na kutoka kituoni zaenda kijijini kwa baiskeli, kwa mtumbwi au kichwani. Mnyororo huu una pete nyingi. Pete moja ikikatika, kijiji chalala bila dawa. Hesabu nayo ina kazi yake. Reko asiyeandika vizuri katika daftari dawa alizozitoa, hataletewa nyingine kwa kipimo kinachotosha. Basi daftari lile ambalo watu hulidharau ndilo linalojaza sanduku.

JAMBO LA TATU: IMANI KWA MTU MWENYEWE

Watu huuliza: «Nani alimchagua?» Kanuni yasema kwamba wanakijiji wenyewe wamchague mtu anayekaa kwao, ajuaye kusoma na kuandika, na mwenye sifa njema. Lakini kuna mahali ambapo kapita alimweka mtoto wa ndugu yake, au mkubwa mmoja alimleta mtu wake. Mtu wa namna hiyo, hata akiwa na akili nyingi, huonekana kama mali ya ukoo mmoja. Ukoo mwingine hautakwenda kwake, hasa ikiwa kuna ugomvi wa mashamba baina yao.

Tena kuna siri. Mama anapomweleza reko ugonjwa wa mtoto, mara nyingi amweleza pia umaskini wa nyumba na magomvi yake. Akisikia jioni kwamba habari zake zimefika kwenye kilabu cha pombe, hatarudi. Reko mwenye ulimi mrefu amelifunga sanduku lake kwa mkono wake mwenyewe.

Yafaa pia kufikiri juu ya wanawake. Wanaoleta watoto, wengi ni akina mama. Mambo mengine, kama mimba na kunyonyesha, mwanamke humweleza mwanamke mwenziwe kwa urahisi zaidi. Walakini mahali pengi walioteuliwa ni wanaume, kwa kuwa wasichana walitolewa shuleni mapema. Hapo twaona namna gani kumwachisha binti masomo leo ni kukipunguzia kijiji msaada kesho.

JAMBO LA NNE: KUJUA KUSEMA «HAPANA»

Kuna shida moja ambayo hufichika. Mama amleta mtoto mwenye homa. Kipimo chaonyesha kwamba si malaria. Reko asema: «Mama, dawa ya malaria haimfai.» Mama akasirika, afikiri kwamba amenyimwa. Mwuza vidonge wa sokoni hasemi hapana kamwe: huuza vidonge vitatu vyekundu na vitatu vyeupe, naye mama huondoka akiwa ameridhika.

Hali kadhalika na sindano. Wengi wetu twaamini kwamba dawa isiyochoma si dawa. Lakini historia ya nchi yetu yatuonya vikali. Mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini mwa Kongo, ulizuka kwa mara ya kwanza katika nchi yetu ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola. Wagonjwa walikuwa 318, na 280 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi waliambukizwa kwa sindano zilizotumiwa kwa mtu huyu na yule bila kuchemshwa vizuri. Waliokwenda kuomba sindano walikwenda kutafuta uzima. Basi tujue kwamba vidonge vya siku 3, vikimezwa vyote mpaka cha mwisho, vina nguvu dhidi ya malaria isiyo kali. Na reko anayesema «hapana, mtoto huyu si wa dawa hii» hajamdharau mtu. Kinyume chake, amemheshimu.

Lakini hapo reko naye ana wajibu. Hapana tupu huumiza. Amwambie mama afanye nini: amnyweshe mtoto, amnyonyeshe mara nyingi, amrudishe kesho, au ampeleke kituoni kama dalili hizi na hizi zikionekana. Mtu akiambiwa sababu, huvumilia.

JAMBO LA TANO: FRANKA, NA NENO LA MWISHO NYUMBANI

Umaskini nao hupima. Mahali pengine matunzo ya reko ni ya bure; mahali pengine hutozwa kitu kidogo. Kinachowatisha watu hasa ni kutokujua bei. Wanaogopa kwamba mwanzo wataambiwa bure, kisha wataombwa matabishi. Wanaogopa zaidi karatasi ya kwenda hospitalini, kwani wamesikia habari za wagonjwa waliopona lakini wakazuiliwa huko kwa sababu ya deni. Kwa hiyo wengine hukawia nyumbani, wakingoja kuuza gunia la mihogo au mbuzi. Lakini ngojangoja huumiza matumbo, na homa haingoji siku ya soko.

Tena, nani ana neno la mwisho nyumbani? Mara nyingi mama aona ugonjwa kwanza, lakini hana ruhusa ya kutumia fedha bila mumewe. Na mumewe yuko machimboni au mjini. Bibi naye asema: «Ugonjwa huu si wa hospitali.» Hasa degedege: mtoto akitetemeka na kugeuza macho, wengi husema ni uchawi au jini, humpeleka kwa mfumu, na saa zapita. Hatuwatukani wazee. Wametulea, na majani mengine wanayoyajua yana faida. Lakini degedege la homa mara nyingi ni alama ya malaria kali, na katika malaria kali kila saa ina thamani. Reko mwenye busara hamshindi bibi kwa maneno makali mbele ya watu. Humtembelea kabla ya ugonjwa, huketi naye, humweleza taratibu. Bibi akikubali, nyumba nzima imekubali.

JAMBO LA SITA: MLANGO WA PILI

Reko ni mlango wa kwanza. Nyuma yake kuna mlango wa pili, yaani kituo na hospitali. Mlango wa pili ukiwa umefungwa, wa kwanza nao hupoteza heshima.

Kuanzia 2018 hadi 2020 wataalamu walichunguza jambo hili katika Kongo, Nijeria na Uganda. Wahudumu wa vijijini walipewa dawa ya kuwekwa katika njia ya haja kubwa ya mtoto mwenye malaria kali, ili impe nguvu njiani anapopelekwa hospitalini. Dawa yenyewe ni nzuri. Lakini walipohesabu, waliona kwamba kuitoa kijijini hakukupunguza vifo vya watoto kama walivyotumaini. Kwa nini? Watoto wengine hawakufikishwa hospitalini, na wengine walifika lakini hawakupata matibabu kamili. Dawa ya njiani haiwezi kuwa badala ya safari, wala badala ya hospitali yenye dawa.

Tufikiri pia juu ya mapokezi. Wazazi wamemchukua mgonjwa kwa tipoyi tangu alfajiri, wakiwa na karatasi ya reko. Muuguzi aitazama, aitupa pembeni, aanza kuwagombeza: «Nani alimpa mtu huyu ruhusa ya kuandika?» Siku ile hakumwaibisha reko peke yake. Amekifundisha kijiji chote kwamba karatasi ile haina maana. Lakini muuguzi anayeipokea kwa mikono miwili, akamtibu mtoto, kisha akamrudishia reko habari, amejenga daraja kati ya kijiji na hospitali.

FUNZO LA BENI NA BUTEMBO

Mambo haya yote yalionekana wazi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imezuka huko, na haikutangazwa kwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 wakafa.

Mwanzoni walikuja wageni wengi kwa magari mengi. Walikuwa na chanjo, dawa na fedha, lakini wenyeji waliokuwa wameteswa na vita kwa miaka mingi waliuliza: «Mlikuwa wapi tulipokuwa tukiuawa? Na mbona mwaja kwa ugonjwa huu mmoja, nanyi mwaacha malaria na surua?» Swali lao halikuwa la kipumbavu. Tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020 surua iliua katika Kongo watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto.

Mwezi wa Septemba 2018 wachunguzi waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Karibu robo yao hawakuamini kwamba Ebola ilikuwako kweli, na chini ya theluthi waliwaamini wakubwa wa mahali. Tena ilionekana kwamba asiyewaamini wakubwa hakuwa mwepesi wa kukubali chanjo wala wa kwenda kutibiwa. Mahali penye shuku, mgonjwa alifichwa nyumbani. Mlango ulifunguka pale aliyebisha hodi alipokuwa mtu anayejulikana, mwenye lugha ya pale, aliyekuwako kabla ya ugonjwa na ambaye angebaki baada ya magari kuondoka.

Basi imani haiwezi kuletwa kwa gari siku ya hatari. Hupandwa siku za kawaida, kwa homa ndogo ndogo zilizotibiwa vema na kwa siri zilizotunzwa.

NA YEYE ATAKULA NINI?

Hatutakuwa waaminifu tukinyamaza juu ya reko mwenyewe. Mahali pengi hana mshahara. Huitwa mtu wa kujitolea, na kujitolea ni sifa njema. Lakini naye ana watoto, naye hulima. Aamshwapo usiku mara tatu katika juma, nani atalima shamba lake? Wengi wameanza kazi hii kwa moyo, kisha wakaiacha kimya kimya wakaenda machimboni au mjini. Wengine, kwa shida, wameanza kuuza dawa za bure, na hapo imani yote imekufa.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri kwamba wahudumu wa namna hii walipwe kwa kadiri ya kazi yao. Kazi hiyo ni ya serikali na ya wale wanaoisaidia, nasi twaomba waitimize. Mzigo wa afya ya nchi hauwezi kuwekwa daima juu ya mabega ya maskini asiyelipwa. Lakini kijiji nacho kisikae kikingoja. Siku moja ya kulima pamoja shamba la reko haimfilisi mtu, na mkungu wa ndizi wakati wa mavuno si matabishi, kama umetolewa na wote mbele ya wote.

TUFANYE NINI?

Kina baba, msiondoke kwenda safari bila kumwachia mama ruhusa na akiba kidogo kwa ajili ya ugonjwa. Mwambieni wazi: «Mtoto akishikwa na homa, usiningoje.»

Kina mama, mwendeeni reko siku ile ile homa inapoanza, wala si siku ya tatu. Mkipewa dawa, mtoto aimalize yote, hata akianza kucheza siku ya pili. Dawa iliyobakizwa kwa ajili ya mdogo wake haimponyi huyu wala yule.

Kapita na wazee, chagueni reko barazani, mbele ya watu wote, wala msimchague kwa ujamaa. Kila eneo la afya lina halmashauri yake, iitwayo Kodesa. Tumeni humo watu wasioogopa kuuliza: «Dawa zilikuja ngapi? Zimetoka ngapi? Mbona sanduku letu ni tupu?» Kuuliza hivyo si uasi, ni haki ya mwenye kijiji.

Wauguzi, heshimuni karatasi ya reko. Mtembeleeni kwake, mketi naye mbele ya watu, mtazame daftari lake. Watu wakiona kwamba mganga wa kituo anamheshimu, nao watamheshimu.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba jambo hili ni la wakubwa peke yao. Nyinyi mwajua kusoma. Msomeeni bibi maandiko ya pakiti: lita moja ya maji safi kwa pakiti moja. Jifunzeni kwa moyo zile dalili tano za hatari tulizozitaja, muweze kusema nyumbani usiku: «Hili si la kungoja.» Na baadhi yenu, wavulana kwa wasichana, kesho ndinyi mtakaochaguliwa kushika sanduku lile.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Reko peke yake hawezi kuokoa kijiji, wala dawa peke yake, wala hospitali peke yake. Lakini dawa zikiwamo sandukuni, mtu akiwa mwaminifu, na njia ya mbele yake ikiwa wazi, hatuna haja ya kuwafukuza watu waende kwa mhudumu wao. Watakwenda wenyewe, hata usiku wa mvua.